Kupandikiza ngozi au flapu? Jinsi ya kuchagua baada ya moto, ajali au kidonda kikubwa

Daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, ule unaoitwa pia wa plastiki, akipita raundi na kusema "huyu tutampandikizia ngozi", ndugu hushusha pumzi. Akisema "huyu anahitaji flapu", yaani kipande cha ngozi na nyama kinachohamishwa pamoja na mshipa wake wa damu, ndugu hutazamana. La kwanza linasikika dogo na rahisi, la pili kubwa na la gharama. Hesabu hiyo ni nusu tu ya ukweli. Kazi yangu ni fiziotherapia, na wengi wanaopita mikononi mwangu ni walioungua au waliogongwa na pikipiki. Kwa ninavyoona mimi, gharama ya kupandikiza ngozi iko nyumbani, na gharama ya flapu iko wodini. Familia ikijua ni ipi kati ya hizo mbili inayoweza kuibeba, itachagua vizuri kuliko ile inayolinganisha bili ya chumba cha upasuaji peke yake.

Nawaandikia waliokaa na mgonjwa wao, wameshapewa fomu, na wanataka kujua wanasaini nini.

Ngozi inayohama bila damu yake

Ngozi ya kupandikiza kwa kawaida huchunwa pajani, kwa kisu maalumu au mashine inayotoa utando mwembamba, chini ya nusu milimita. Ngozi haichukuliwi yote. Sehemu ya chini inabaki na mizizi ya vinyweleo, na humo ndimo ngozi mpya inamochipukia, kwa hiyo paja hupona lenyewe ndani ya wiki mbili hivi.

Bibi mmoja aliyekuwa anamuuguza mjukuu wake aliyeungua mkono alimkatiza daktari katikati ya maelezo: "Sasa baba, hapo pajani patarudi kuwa ngozi, au mnatuachia kidonda kingine?"

"Panarudi, bibi. Ila siku za mwanzo paja litamuuma kuliko huo mkono."

Wengi hawaambiwi hilo mapema, halafu wanafikiri kuna kitu kimeharibika. Hakijaharibika. Paja limechubuliwa huku mishipa ya fahamu iko hai, lazima liume.

Eneo likiwa kubwa, ngozi hupitishwa kwenye mashine inayoitoboa vitundu vingi ili ivutike na kufunika mara moja na nusu, hata mara tatu ya ukubwa wake. Alama za vitundu hivyo hubaki, ndiyo maana kwa uso na mikono madaktari hujitahidi kutumia ngozi isiyotobolewa.

Sasa utando huu umehama bila mshipa wowote wa damu. Siku mbili za kwanza unaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda. Kisha vimishipa vya chini vinaanza kuungana na vyake, na kati ya siku ya tano na ya saba damu inakuwa inazunguka. Masharti yote yanayowachosha watu wiki ile ya kwanza yanatokana na hapo: bandeji nene iliyokazwa, banzi la plasta, mtoto kukatazwa kuuchezesha mkono. Damu ikijikusanya chini ya ngozi, au usaha, au ngozi ikiteleza kidogo tu, kipande hicho kinakufa kwa sababu kimekosa kushikana na chini. Bandeji hufunguliwa mara nyingi siku ya tano. Ngozi iliyoshika hutulia, haisogei ukiigusa kwa kidole. Isiyoshika huwa imepauka au imekuwa nyeusi na inanyanyuka pembeni.

Kuna pia ngozi nzima, ile inayochukuliwa na unene wake wote kutoka kinenani, nyuma ya sikio au juu ya mtulinga, na pale ilipotoka pakashonwa. Hujikunja kidogo kuliko ile nyembamba na huwa laini zaidi. Lakini huwezi kupata kipande kikubwa. Ni ya kope, vidole na kiganja.

Flapu: nyama inayokuja na mshipa wake

Hapa daktari anahamisha ngozi pamoja na mafuta ya chini yake, mara nyingine na msuli, mshipa wa damu ukiwa bado umo ndani. Kipande hakisubiri kidonda kikilishe. Kimekuja na chakula chake. Wazo lenyewe ni la kale mno: waganga wa India walikuwa wanatengeneza pua kwa ngozi ya paji la uso, na gazeti moja la London lilieleza upasuaji wa aina hiyo mwaka 1794.

Flapu zinatofautiana sana, kwa hiyo ukisikia neno hilo usitishike kabla hujauliza ni ipi.

Iliyo ndogo kabisa ni ya jirani. Kovu lililojikaza kwenye kiwiko au kati ya vidole hukatwa kwa umbo la herufi Z, pembetatu mbili zikabadilishana nafasi, na mstari uliokuwa mfupi ukarefuka. Kwa hesabu za kwenye karatasi, pembe za digrii 60 zinaongeza urefu kwa asilimia 75 hivi. Mwilini hupati zote, lakini unapata za kutosha. Operesheni hiyo haichukui muda mrefu, na sharti lake ni kuwe na ngozi nzuri pembeni mwa kovu.

Ya pili inatoka mbali lakini haikatwi mara moja kamba yake, yaani sehemu yenye mshipa wa damu unaoilisha. Inayojulikana zaidi ni ya kinena, iliyoelezwa na madaktari McGregor na Jackson mwaka 1972. Mkono wenye kidonda hushonwa kwenye ngozi ya kinena na kukaa hapo wiki tatu hivi, mpaka damu ianze kuingia kutoka upande wa mkono, ndipo hukatwa. Haihitaji hadubini, na imeokoa mikono mingi katika hospitali zisizo na vifaa vya kisasa. Ila fikiria hizo wiki tatu: nani atamwogesha, nani atamfungia kanga au suruali, atalalaje. Kwa kijana bega linarudi haraka. Kwa mtu wa miaka 60 bega na kiwiko vinakakamaa, na kazi yangu inaanza upya kwenye kiungo ambacho hakikuwa na tatizo.

Ya tatu ndiyo kubwa. Kipande kinakatwa kabisa, tuseme kutoka pajani au mgongoni, kinapelekwa mguuni, na mishipa yake inaunganishwa na ya mguu chini ya hadubini kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ikifanyika mahali penye uzoefu, inafanikiwa kwa walio wengi sana. Lakini hatari yake inaendelea baada ya mshono wa mwisho. Siku mbili za kwanza muuguzi hukitazama kipande karibu kila saa. Kikiwa baridi na kimepauka, damu haiingii. Kikivimba na kuwa zambarau, damu inaingia lakini haitoki. Kwa ngozi nyeusi rangi inadanganya, kwa hiyo muuguzi mzoefu hagombani na rangi: anagusa kusikia joto, anabonyeza kuona damu inarudi baada ya muda gani, au anachoma kwa sindano ndogo aone tone litakalotoka. Tone jekundu la wastani, vizuri. Damu nyeusi inayobubujika, daktari aitwe sasa hivi, maana kuna saa chache tu za kurudi chumba cha upasuaji na kuokoa kipande.

Kwa hiyo ubingwa wa daktari pekee hautoshi. Uliza pia: saa nane usiku wodi hii ina wauguzi wangapi, na chumba cha upasuaji kinaweza kufunguliwa?

Kuna mahali ambapo huchagui

Tuseme haya haraka. Ngozi ya kupandikiza inahitaji kitanda chenye damu. Mfupa uliovuliwa utando wake, kano iliyo wazi, chuma cha kuungia mfupa kinachoonekana, mahali palipopigwa mionzi ya saratani: hapo haishiki, na daktari akisema flapu hakuuzii kitu cha bei kubwa.

Mguu wa ajali ya bodaboda ndio mfano wa kila wiki. Mfupa wa ugoko uko chini tu ya ngozi, hauna nyama mbele. Ukifunuka theluthi ya juu, karibu na goti, unafunikwa kwa msuli wa shavu la mguu. Theluthi ya kati, kwa msuli ulio chini ya huo. Theluthi ya chini, karibu na kifundo, hakuna msuli wa kuazima jirani. Hapo ni ile flapu kubwa ya hadubini, au ngozi ya nyuma ya mguu iliyogeuzwa na mshipa wake kushuka chini. Basi ndugu wawili wenye "mguu uliovunjika" wodi moja wanaweza kupewa majibu tofauti kabisa, na yote mawili ni sahihi.

Upande wa pili nao uko wazi. Mtu aliyeungua theluthi ya mwili hafunikwi kwa flapu, hakuna mwili wa kutosha wa kuzitoa. Anafunikwa kwa ngozi ya kupandikiza, tena mapema.

Kwenye shingo, kwapa, kiwiko na kiganja ndiko kwenye uchaguzi

Hapa ndipo daktari mwenye busara atakaa chini na familia. Mtoto alimwagikiwa uji au aliangukia jiko, kidonda kikapona nyumbani, na sasa kidevu kimeshikana na kifua, au vidole vimekunjamana kiganjani. Kovu litakatwa, kiungo kitanyooshwa, na patabaki uwazi mkubwa kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Uwazi huo ufunikwe kwa nini?

Ngozi ya kupandikiza inafunika vizuri, operesheni ni fupi, na hospitali nyingi za rufaa zinaiweza. Tatizo lake ni tabia: inajikunja. Kadiri ilivyo nyembamba ndivyo inavyojikunja zaidi, na inaendelea hivyo kwa miezi, kidonda kikiwa kimefunga na kila mtu ameshapumzika. Kinachoizuia ni banzi na mazoezi. Banzi usiku na mchana miezi ya mwanzo, kisha usiku tu, mpaka miezi sita, mara nyingine mwaka mzima. Shingo inalala bila mto, shuka iliyokunjwa ikiwekwa chini ya mabega ili kichwa kirudi nyuma. Kwapa linalala mkono ukiwa umenyooka pembeni. Nguo za kubana kovu huvaliwa saa 23 kwa siku, zinavuliwa wakati wa kuoga na kupaka mafuta.

Mtoto ataipinga kila hatua. Mkao unaompa nafuu ndio uleule unaomkunja: atakunja kiwiko kwa sababu hakiumi kikikunjwa, na mama kwa huruma atalegeza kamba za banzi "leo tu alale". Simlaumu. Lakini nimewaona waliorudi wakiwa wamekunjamana karibu kama siku ya kwanza, huku operesheni yenyewe haikuwa na dosari.

Flapu haijikunji hivyo. Ikishapona, banzi ni la muda mfupi, na kwa mtoto inakua pamoja naye, wakati ngozi nyembamba iliyopandikizwa huachwa nyuma na urefu wa mtoto na kudai operesheni nyingine akiwa darasa la tano au la sita. Kwa shingo au kwapa la mtoto anayeishi mbali na hospitali yoyote yenye fiziotherapia, ningeomba daktari afikirie flapu kwanza, hata kama ni ndogo ya jirani inayofunika katikati ya kiungo na pembeni pakapandikizwa ngozi. Mchanganyiko huo ni wa kawaida, na wengi hawajui kwamba unaweza kuombwa.

Kwa familia inayoishi nusu saa kutoka kliniki, yenye mtu mzima asiye na haraka wa kusimamia banzi kila usiku, kupandikiza kunatosha na mara nyingi matokeo ni mazuri sana. Nauli ya kurudi kliniki kila wiki au kila baada ya wiki mbili iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na siku ambazo mzazi hataenda kazini. Kwa familia ya mbali, ukijumlisha nauli za mwaka, ile "rahisi" inaweza kuipita flapu.

Sura

Ngozi iliyopandikizwa huwa nyeusi zaidi ya mwili au yenye mabaka, hasa ikipigwa na jua mwaka wa kwanza. Kofia pana na mikono mirefu husaidia kuliko krimu za dukani. Ni kavu, haina mafuta yake, inawasha, kwa hiyo ipakwe mafuta yasiyo na manukato mara kadhaa kwa siku na isuguliwe kwa kidole gumba kwa nguvu ya wastani. Ikiwekwa mahali penye bonde, bonde linabaki.

Flapu ina kasoro ya upande wa pili: ni nene. Ngozi ya tumbo au kinena ikiwekwa mgongoni mwa kiganja hukaa kama andazi, na mwenye nayo akinenepa, nayo inanenepa, kwa sababu mafuta yake bado yanajiona yako tumboni. Kama ilitoka penye nywele, itaota nywele. Kuipunguza kunafanyika baadaye, baada ya miezi kadhaa, na hiyo ni operesheni ya pili ambayo familia ingependa kuisikia mapema, si kliniki ya mwisho. Halafu pale ilipotolewa pana kovu refu, na sisi wenye ngozi nyeusi makovu yetu huwa mepesi kuvimba na kuwa keloidi, zaidi kifuani, mabegani na masikioni. Mwenye historia ya keloidi amwambie daktari kabla hajachora mistari.

Na kuacha kama kilivyo?

Hilo nalo ni chaguo, na mara nyingine ni sahihi. Kovu bichi, jekundu, linalowasha, mara nyingi huachwa likomae mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, huku banzi na mazoezi vikiendelea, ndipo liguswe. Kope lililovutwa mpaka jicho halifungi halisubiri, kwa sababu kioo cha jicho kinakauka na kupata kidonda. Mdomo usiofunguka kwa chakula hausubiri. Shingo iliyovutwa sana nayo haifai kungoja, hata kwa sababu ya daktari wa usingizi: kupitisha mpira wa kupumulia kwa mtu ambaye kidevu kimegandana na kifua ni kazi ya hatari.

Kuacha kubaya ni kwa kidonda. Kovu la zamani la moto ambalo hupasuka, likafunga, likapasuka tena kwa miaka, linaweza kugeuka saratani ya ngozi, mara nyingi miongo kadhaa baada ya kuungua. Kidonda juu ya kovu la utotoni ambacho kimekaa miezi mitatu bila kupona kikatwe kipande kikapimwe. Majani na unga wa antibiotiki uliomwagwa juu vinakula muda tu.

Hospitali au kambi

Kwetu fani hii ina historia ya kuruka kwa ndege. Huduma ya Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki, ambayo leo ni Amref, ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji wa plastiki, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Tangu hapo kambi za madaktari wageni zimekuwa sehemu ya maisha, na wengi wamepata mikono na midomo yao humo bila kulipa.

Kambi inafaa sana kwa midomo wazi, kwa Z ndogo, kwa ngozi nzima kwenye vidole. Kwa flapu ya hadubini ningesita, isipokuwa kama timu inakaa siku za kutosha na wenyeji wanajua kuitazama usiku. Hata kwa ngozi ya kawaida, uliza nani atafungua bandeji siku ya tano na nani atatengeneza banzi jipya mtoto akikua. Hospitali zenye timu za kudumu, kama Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, Kenyatta Nairobi, Kijabe, na CoRSU kule Kisubi Uganda, zina foleni, lakini ukirudi baada ya miezi sita faili lako lipo na aliyekupasua anaweza kuulizwa.

Kuhusu bima, neno "plastiki" limewaponza wengi, karani akafikiri ni urembo. Mwombe daktari aandike kazi iliyopotea: hawezi kunyoosha kiwiko, hawezi kufunga jicho, hawezi kushika kijiko.

Kabla ya kusaini, mfanye daktari akujibu kwa maneno ya kawaida: chini ya kidonda kuna nini, kuna mpango gani hiki kikifa, ni operesheni ngapi mpaka mwisho, pamoja na ya kupunguza unene, banzi litavaliwa mpaka lini na nani analitengeneza. Daktari mzuri haudhiki kwa maswali hayo. Mpige mgonjwa video akijaribu kunyoosha kiungo, ili mwezi wa nne mkikata tamaa muwe na cha kulinganisha.

Wiki za kusubiri zisipite bure. Damu ipimwe, sukari ipimwe. Mayai, dagaa, maharage na maziwa kila siku, kwa sababu kidonda kikubwa kinamwaga protini na mwili usio nayo haushikishi ngozi wala haufungi mshono. Mvuta sigara aache wiki nne kabla na asiguse mpaka apone, hasa wa flapu: nikotini hubana mishipa, na vimishipa vinavyobanwa kwanza ni vile vya ncha ya kipande, pale mshono unapokaza zaidi.